Aliyeshuka Kwenye Basi la Mwisho

Mshonaji alirudi nyumbani asubuhi, jua limeshapanda, kifurushi cha kitambaa kwapani na koti la mwanamume mabegani. Laiti angelivua lile koti kabla ya kukata kona ya mashine ya kusaga! Lakini baridi ya alfajiri ilikuwa bado imemkaa mifupani, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye kikombe cha chai. Nyuma yake kidogo alikuja Fundi Redio, shati limekunjamana, akipiga miayo ya mtu aliyelala ameketi.

Wanawake waliopanga foleni mashineni walinyamaza wote kwa pamoja. Mshonaji akawaamkia. Wakaitikia. Alipowapa mgongo tu akamsikia mmoja wao, mke wa mwuza mkaa, akinong'ona kwa namna ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Si niliwaambia? Ndio hao."

Yaliyotokea yalikuwa machache mno. Mshonaji alikwenda mjini kununua bitana ya gauni la harusi la mdogo wake. Mwenye duka alichelewa kumkatia kitambaa, na alipotoka mbio kuelekea kituoni, ukanda wa kiatu ukakatika. Fundi Redio, aliyekwenda siku hiyohiyo kutafuta vipuri, alikuwa ameshapata kiti dirishani. Akamwona msichana wa mtaani kwao anakuja akichechemea, kiatu mkononi, kifurushi kichwani. Akapiga kelele dereva asubiri. Kondakta akajifanya hasikii. Basi fundi akashuka, akakimbilia mbele ya basi, akanyoosha mikono. Dereva akamzunguka, akaenda zake.

Lilikuwa basi la mwisho. Wakakaa kwenye benchi la abiria mpaka kukucha, na katikati yao akakaa mlinzi wa kituo, mzee mwenye maneno mengi, aliyewasimulia habari za tumbo lake lililokataa kila dawa. Fundi alimpa msichana koti. Basi la kwanza la asubuhi likawaleta. Ni hayo tu.

Ila mke wa mwuza mkaa alikuwamo ndani ya lile basi la mwisho, kapu mapajani, na aliyoyaona aliyaona kwa macho yake mwenyewe. "Mtu ana kiti!" aliwaambia watu. "Amekaa, kiti cha dirishani, anapunga upepo. Halafu anashuka. Jamani, nani anashuka kwenye basi la mwisho kama hakupanga?"

Na hapo ndipo penye ugumu wa mambo, kwa sababu kushuka kweli alishuka.

*

Cherehani ya mshonaji ilikuwa nyuma ya pazia, katika chumba kilekile cha mbele ambamo baba yake alinyolea watu. Kwa miaka alikuwa amezoea kushona huku akisikiliza mazungumzo ya kinyozini: siasa, mpira, bei ya bati. Siku zile alishona huku akisikiliza ukimya. Mteja akiingia, anaketi, anafungwa shuka shingoni, na hasemi kitu. Wembe unakwaruza. Mtu analipa, anaondoka, na nje kicheko kinapasuka.

Kisha akaja yule mwuza nyama, mteja wa zamani, mtu wa masihara. Kinyozi akampaka sabuni. Akaanza shavu la kushoto.

"Mzee," mwuza nyama akasema, macho juu darini, "siku hizi naona mabasi yanalala sana huko mjini, eh?"

Waliokuwa wakingoja kwenye fomu, lile benchi refu la wateja, wakacheka. Nyuma ya pazia mshonaji akatoa mguu kwenye pedali. Akausikia wembe ukisimama. Baba yake akachukua taulo, akamfuta mteja uso, polepole, kama anayemfuta mtoto.

"Umekwisha," akasema.

"Nimekwishaje? Nusu ya ndevu bado!"

"Nusu nyingine kanyolewe na mkeo."

Hadithi hiyo ilichekesha mtaa mzima, na mwuza nyama alizunguka nayo, shavu moja jeupe, shavu moja jeusi, akionyesha watu. Lakini kuanzia hapo fomu ilikaa tupu. Wanaume wakaenda kunyolewa upande wa pili wa soko. Kinyozi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akinoa wembe uliokwisha kunolewa, na kila kivuli kikipita mlangoni aliinua kichwa.

Mshonaji akishindwa kukaa, anasimama. Akisimama, hana pa kwenda. Kisimani wenzake humwachia nafasi kubwa kupita kiasi. Sokoni wauzaji humhudumia haraka, wapate kumwangalia akiondoka. Alikuwa akianza pindo, analiacha. Anaanza kola, anajichoma pini kidoleni. Gauni la mdogo wake lilining'inia ukutani bila mikono.

*

Shangazi yake, dada wa kinyozi, aliingia bila hodi na kukaa bila kukaribishwa.

"Wakwe wametuma mtu," akasema.

Mama mtu alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Mkono ukabaki hewani. "Wakwe wa nani?"

"Tuna wakwe wangapi, wifi? Wa huyu mdogo. Wanasema hawana ugomvi na sisi. Wanatuheshimu. Lakini mtoto wao hawezi kuingia nyumba ambayo mkubwa wake anazungumzwa mashineni. Ama huyu mkubwa aolewe na huyo fundi wake kabla ya harusi ya mdogo, ama posa waichukue."

"Si fundi wangu," mshonaji akasema.

"Wewe nyamaza kwanza."

"Mwanangu anasema hakuguswa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na nani kasema kaguswa?" Shangazi akapandisha sauti, kisha akaishusha akikumbuka dirisha. "Mimi namwamini. Nimemlea na mimi. Namjua. Sasa nifanye nini, nizunguke mlango kwa mlango nikigonga: jamani, mimi namwamini? Watanikaribisha chai, wataniitikia, nikitoka watacheka. Wifi, tusidanganyane. Hapa hatuulizi kilichotokea. Tunauliza kinachosemwa."

Mdogo mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ndoo mkononi. Alimtazama dada yake kwa namna iliyomfanya mshonaji aone afadhali angepigwa kofi.

*

Duka la Fundi Redio lilikuwa kichochoro chenye paa. Redio zilipangwa mpaka juu, migongo wazi, nyaya zimetoka. Mshonaji alikwenda mchana kweupe, kwa makusudi, amebeba redio ya baba yake ambayo haikuwa na ubaya wowote, ili mwenye kutazama atazame.

"Kaka," akaanza. Alikuwa akimwita hivyo tangu zamani. Sasa neno likamkwama.

"Dada, kaa." Akamfutia kigoda kwa mkono. "Mjomba wangu amenipa habari. Wanataka kikao."

"Utasema nini?"

Alikuwa ameshika chuma cha kuchomea, kinatoa moshi. Akakiweka chini. "Nina mtu," akasema. "Huko mjini. Anasomea uuguzi. Tumengojana, akimaliza tuoane. Siku ile nilikuwa natoka kumwona, vipuri vilikuwa kisingizio."

Mshonaji alishangaa alivyoumia. Hakumtaka huyu mtu, hata kidogo. Siku zote alimwona kama mlingoti wa barabarani, upo tu. Lakini kuambiwa na mlingoti kwamba nao una mtu wake, hilo nalo lina uchungu wake. Kisha uchungu ukapita, akapumua.

"Basi vizuri," akasema. "Wewe utakataa na mimi nitakataa. Wawili wakikataa, hawawezi kutufunga kamba."

"Kweli utakataa?"

"Mimi nitaolewa kwa sababu ukanda wa kiatu ulikatika?"

Akacheka. Na mshonaji akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu wote wawili wakatazama mlangoni kwa pamoja, wakaona watoto wawili wamesimama wakiwachungulia, na kicheko kikawafia mdomoni.

*

Asubuhi ya kikao kinyozi alimwita binti yake nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa kanzu ya sherehe, imemkaa vibaya kwa kukonda.

"Nilikwenda kituoni," akasema.

"Kituo gani, baba?"

"Cha mabasi. Mjini. Nilimwambia mama yako nakwenda kununua wembe. Nikamtafuta mlinzi. Mzee, meno mawili matatu, maneno hayaishi?"

Mshonaji akaitikia kwa kichwa.

"Akaniambia yote. Akaniambia ulikaa huku, kijana kule, yeye kati. Akaniambia hata la tumbo lake, nusura nikose gari na mimi." Alijaribu kutabasamu. "Kwa hiyo najua. Sikuwa na shaka, lakini sasa najua."

"Basi waambie, baba! Waambie leo!"

"Nimeshawaambia. Nilianza na wakwe. Unajua walijibu nini? Kwamba baba anayesafiri kutafuta shahidi ni baba mwenye wasiwasi. Na kwamba mlinzi hupewa chochote akasema lolote." Akatazama mikono yake. "Mwanangu, ningeweza kuuleta ukweli hapa umekaa kwenye kiti kile. Hakuna ambaye angeuuliza swali."

Akataka kumshika bega, akaishia kulinyoosha pazia.

*

Kikao kilikaa sebuleni. Upande mmoja mjomba wa fundi na fundi mwenyewe, ameketi ncha ya kiti. Upande wa pili kinyozi, na kando yake baba mkubwa wa mchumba wa mdogo, mwakilishi wa wakwe, mtu mpana aliyeongea kwa upole wa kutisha. Shangazi alikaa mlangoni, na mshonaji kwenye mkeka karibu naye. Mama na mdogo mtu walikuwa nyuma, chumbani, mlango uko wazi kidogo.

Mjomba akazunguka sana, akasifu ujirani, akasifu hekima ya wazee, mwisho akafika. "Kijana, unasemaje?"

Fundi Redio akasimama. "Wazee wangu, nisameheni. Nilishuka kwa sababu dada huyu alikuwa anaachwa. Angekuwa yeyote ningeshuka. Sikumfanyia ubaya na hakunifanyia. Kwa hiyo sioni sababu ya ndoa. Nakataa."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mjomba akajifuta jasho. Na mshonaji, aliyekuwa akiingojea hapana hiyo kama mtu anayengojea mlango ufunguliwe, akaona nyuso za watu zinageuka zote kumwelekea yeye. Ndipo alipoelewa. Hapana ya fundi ilikuwa imemtoa fundi. Yeye ilimwacha palepale. Kesho huyu angekuwa kijana mkaidi, basi. Yeye angekuwa aliyekataliwa.

Baba mkubwa akachukua kofia yake gotini. "Sisi tumesikia," akasema kwa upole uleule. "Hatumlaumu mtu. Kinyozi, ndugu yangu, tutatuma mtu wa kuchukua vitu vyetu."

Kutoka chumbani kikaja kishindo kidogo, kama mtu amekaa ghafla sakafuni. Halafu sauti ya mdogo mtu, ikizibwa na kiganja.

"Ngojeni," shangazi akasema. "Binti naye hajaulizwa. Mwanangu, wewe unakubali au hukubali?"

Fundi Redio alimtazama. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, ya mtu aliyetimiza sehemu yake na sasa anamngojea mwenzake.

Mshonaji akamtazama baba yake, ile kanzu ilivyomzidi. Kilio kule ndani kilikuwa kikijitahidi kisisikike.

"Nakubali," akasema.

Chumba kikapumua. Baba mkubwa akairudisha kofia gotini. "Haya," mjomba akamgeukia mpwa wake, na upole wote umemtoka. "Mtoto wa watu amekubali mbele ya wazee. Utamtemea mate?"

Fundi alibaki amesimama mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akakaa. Hakusema ndiyo. Ila hakusema tena hapana, na wazee wakaona inatosha.

*

Waliwaoza haraka na kwa unyonge, wageni wachache, na wiki zilizofuata mdogo mtu akaolewa kwa shangwe, katika gauni lenye mikono mizuri kuliko yote iliyowahi kushonwa na dada yake. Fomu ya kinyozini ikajaa tena. Mwuza nyama akarudi, akanyolewa mashavu yote mawili. Mke wa mwuza mkaa alileta kitambaa kushonewa, akakaa akisimulia habari za mke wa mwalimu na dereva wa lori, na kuhusu basi hakukumbuka lolote. Midomo ilikuwa imeshahama.

Waliobaki na ile habari walikuwa wawili tu, ndani ya vyumba viwili nyuma ya duka la redio. Cherehani iliwekwa dirishani, meza ya fundi ukutani. Walisemezana kwa adabu ya wapangaji. "Chai iko mezani." "Asante." "Kuna mtu anakuulizia." "Nimesikia." Fundi alilala kwenye mkeka upande wa redio, na asubuhi aliukunja kabla jirani yeyote hajapita. Mshonaji aliamka kila siku na moyo unaodunda kama anayechelewa mahali, akasahau ni wapi. Alisogeza meza, akairudisha. Alitoka mpaka barabarani, akarudi bila kununua kitu.

Mara moja tu fundi alisema. Alikuwa akifunga nati, ikamponyoka, ikaingia chini ya kitanda. "Ulinigeuka," akasema akiwa amepiga magoti, haonekani uso.

"Nilikugeuka," mshonaji akajibu. Hakutafuta kisingizio.

Mdogo wake alipopata ujauzito na wakwe wakawa hawajiwezi kwa furaha, mshonaji aliona muda umefika. Mchana mmoja wa mvua, duka halina mteja, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nenda," akasema.

"Niende wapi?"

"Kwa muuguzi wako. Mdogo wangu ameshatulia kwake, hawawezi kumrudisha tena. Nitasema umenikimbia. Wacha waseme. Mimi nimeshasemwa, najua kunakuwaje."

Fundi Redio akaendelea kukwangua waya mpaka shaba ikatoka. "Nilikwenda," akasema.

"Lini?"

"Kabla ya ndoa. Siku mbili baada ya kikao. Nilitaka asikie kutoka kwangu mwenyewe. Alikuwa ameshasikia." Akapuliza unga wa waya. "Hakulia. Akaniuliza kitu kimoja: ulishuka kwa ajili yake, kweli ama uongo? Nikasema kweli. Akasema angenidharau kama nisingeshuka. Lakini kwamba hawezi kuolewa na mtu aliyeshuka, maana kila basi litakalochelewa atakuwa anahesabu abiria, akijiuliza nimeshuka kwa ajili ya nani. Sasa yuko hospitali ya mbali. Sijui wapi."

Mvua ilipiga bati. Mshonaji alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe halitoshi hata kuziba tundu la sindano.

"Muda wote huu ulijua huna pa kwenda," akasema, "na ukaacha nijione mimi ndiye niliyekufungia mlango."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Mshonaji alikasirika. Alisimama, akakusanya vipande vya nguo sakafuni, akavitupa kapuni kimoja kimoja. Alizunguka chumba kizima, kisichokuwa na nafasi ya kuzungukwa. Aliporudi dirishani hasira ilikuwa imepungua, na mahali pake pameingia kitu asichokitambua mara moja. Tangu siku ya kikao, watu wote walikuwa wakimwambia maneno yaliyokwisha kupangwa. Huyu alikuwa amemwambia jambo baya na la kweli, bila kulifunga karatasi.

"Ungejua," akamuuliza, "ungejua yote haya, siku ile ungeshuka?"

Fundi hakujaribu kumfurahisha. "Sijui," akasema.

"Hata mimi sijui kama ningekubali."

Mvua ikaanza kukatika, na nje watu wakatoka tena, mlio wa viatu kwenye tope. Fundi Redio akafunika mgongo wa redio aliyokuwa akiitengeneza, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kuna ghorofa moja huko mjini," akasema, akimtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza. "Chini kuna nafasi ya duka. Ina dirisha kubwa, cherehani na redio zingekaa bila kugongana. Hawatujui kule. Nilikuwa nafikiri kwenda mwenyewe. Wewe, unataka twende?"

Kama anakubali, mshonaji alikuwa ameulizwa, tena mbele ya wazee. Kama anataka, katika mambo yote yale, kikaoni, kwa shangazi, hata nyuma ya pazia na baba aliyempenda, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Swali lilikuwa jepesi mno, na alishangaa lilivyomlemea kifuani, zito na la kwake.

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema hapana, na hakuna posa ya mtu ingerudishwa.

"Nitakujibu kesho," akasema.

Akaivuta cherehani, akatia uzi mpya, akaanza kushona, na mguu wake kwenye pedali haukuwa na haraka yoyote.